Mahali Tulipomlaza Doudou

Saint-Gilles, Brussels
Jumapili, 30 Juni 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Riziki,

Nakusalimu kwa heshima na kwa uchungu, mimi na mke wangu Thérèse pamoja. Kabla ya habari yoyote, niambie afya yako. Presha imeshuka? Dawa nilizotuma mwezi wa tano bado zipo, au umeziacha? Mwanao Omari ameniambia kwamba miguu imevimba kwa sababu ya kukaa chini mchana na usiku, na kwamba unakataa hata uji. Yaya, kula. Hakuna marehemu anayetaka mama yake amfuate.

Sisi huku tuko. Mwili mzima, moyo hapana. Leo ni sikukuu ya uhuru wa Kongo yetu, na upande wa Ixelles wenzetu wanapiga muziki tangu mchana. Thérèse amefunga dirisha.

Barua hii ataileta Kadiri, yule mfanyabiashara wa vitenge anayerudi Kalemie wiki hii. Ni mtu wa kuaminika. Nakuomba uisome mwenyewe, ukiwa chumbani. Usimpe Omari aisome kwa sauti mbele ya watu wa kilio. Ukishaimaliza, utaamua mwenyewe la kuwaambia.

Unajua simu yako ilivyo siku hizi. Ukiipokea, inapita mikononi mwa watu wote barazani, kila mmoja analia kidogo, halafu salio linakwisha. Ndiyo maana nilikuambia tu kwamba mtoto amefariki na kwamba mengine nitayaandika. Unajua pia kwamba tangu shuleni naandika shajara kila jioni. Tarehe utakazoziona hapa nimezitoa humo, ili nisichanganye mambo.

Uliniuliza maswali mawili kwa mdomo wa Omari. La kwanza: je, ni kweli kwamba wazungu watamchoma Doudou moto? La pili: mwili unafika lini, maana umeapa kutoinuka chini mpaka uone sanduku.

La kwanza nalijibu sasa hivi. Hakuchomwa, Yaya. Pumua. La pili nitalijibu pia, ila nakuomba utembee nami kwanza, hatua kwa hatua, kwa sababu jibu lake limo ndani ya safari.

Naanza na kifo chenyewe. Laura, mkweo, unamjua kwa picha za harusi. Yeye na Doudou walikuwa na desturi: kila likizo wanapakia baiskeli mbili kwenye treni, wanashuka kusini mwa Ufaransa, wanazunguka kwenye barabara ndogo za vijijini. Nakumbuka uliwahi kuniuliza imekuwaje fundi wa lifti, mwenye gari lake, apande baiskeli kama muuza makala na gunia lake la makaa. Nilimpelekea Doudou swali lako. Akacheka, akasema: "Mjomba, mwambie maman kwamba huku ninapanda bila gunia. Ajaribu siku moja bila gunia, ataelewa."

Jumanne tarehe 11 walikuwa wanapita kwenye korongo la mto Tarn. Ni bonde jembamba ambalo mto umelikata ndani ya mawe, kuta zimesimama pande mbili, na barabara imebandikwa ubavuni mwa ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha. Laura alitangulia, akamngojea kwenye kijiji kinachofuata. Hakufika. Alipomrudia, alikuta baiskeli imeegemea ukingo wa barabara na Doudou yuko chini kwenye mawe ya mto.

Ijumaa tarehe 14 niliitwa nyumbani kwa wazazi wa Laura, huku Ixelles. Baba yake anaitwa Jan. Alifundisha hisabati Lubumbashi zamani, na Kiswahili chake anakisema bila aibu. Mama yake ni Danielle, mtu mpole. Tulikaa mezani, kahawa ikaja, na keki. Katikati ya keki Jan akasema kwamba Laura anaonelea mwili uchomwe, na majivu yamwagwe kule kwenye korongo, mahali Doudou alipopapenda. Akaniangalia.

Nikanyamaza.

Wewe unajua kwa nini nilinyamaza. Kwa upande wa mama yetu, mtoto wa dada ni wa mjomba akiwa hai na akiwa amekufa. Kaburi halichimbwi kabla mjomba hajasema neno. Na mjomba haulizwi mezani, kinywa kikiwa na keki. Wakwe wanaondoka, wanajadiliana, kisha wanamjia nyumbani kwake na mkono usio mtupu, na kumwambia: tumekuja kuomba ruhusa. Mpaka hapo, mjomba mwenye kusikia jambo baya hajibu. Kunyamaza kwake ndiko kukataa, na kila mtu mwenye akili anaelewa kwamba mambo yameharibika. Mjomba wetu Kizito alifanya hivyo hivyo kwa mazishi ya baba yako wa ubatizo, na watu walikimbia usiku kutafuta mbuzi.

Nilikunywa kahawa yangu, nikaaga, nikarudi Saint-Gilles kuwangoja. Nilimwambia Thérèse afagie sebule. Jumamosi ikapita. Jumapili jioni Laura akapiga simu. Sauti ilikuwa imekauka. Akasema, akiniita mjomba kwa Kifaransa kama kawaida yake: "Asante kwa kutuelewa, Tonton. Ni Alhamisi asubuhi. Papa amekwisha kupanga na mahali pa kuchomea."

Nilibaki na simu mkononi. Thérèse alikuwa jikoni, alisikia yote. Akaja akasimama na mwiko mkononi.

"Ulikala pale sawa kiti, Donat," aliniambia. "Ulingoja nini? Bazungu banaulizaka kiti?"

"Nilikataa," nikasema.

"Ulikataa na kinywa gani?"

Usiku ule sikuandika kitu katika shajara, niliweka tarehe tu.

Asubuhi ya Jumatatu nilirudi kwa Jan. Nilimweleza desturi yetu tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa Kifaransa, polepole. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa. Kisha akanijibu kwa Kiswahili chake:

"Donat, mimi nilikala Lubumbashi, najua bantu benu. Lakini huku muntu akinyamaza, ni oui. Ulinyamaza, donc ulikubali."

"Papa Jan, kwetu kimya kingi kina mshindo."

"Bon. Mshindo sikusikia."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Yeye pia alimpenda mtoto wetu, walikuwa wakitazama mpira pamoja. Lakini aliniambia wazi kwamba kwa sheria ya huku mwenye neno ni mke. Si mjomba, si mama, si ukoo. Kama nina la kusema, nimwambie Laura, na Laura anaondoka kesho yake kurudi kule korongoni. Alitaka kuimaliza ile barabara, kutoka walipoanzia siku ile hadi kijiji walichokuwa wanakiendea, kabla ya Alhamisi.

Nilimpigia Laura nikamwambia kwamba mjomba lazima aone kwa macho yake mahali mtoto alipofia. Hilo nalo ni desturi, na pia nilikuwa na sababu nyingine ambayo nitaifikia. Kisha akasema: "Sawa, Tonton. Lakini kwa baiskeli. Kwa gari hutaona kitu."

Nilifikiri ni dhihaka. Haikuwa dhihaka.

Tukapanda treni kwenye kituo cha Gare du Midi Jumanne, tukalala kwenye mji mdogo ambako Doudou alikuwa katika chumba cha maiti. Nilimwona. Yaya, uso wake ni mzima. Upande wa kulia wa kichwa walikuwa wamefunika, sikuomba wafunue. Nilimwita kwa jina la babu, lile la nyumbani, na nikamwambia unamsalimu.

Jumatano tarehe 19 tulianza kuendesha. Mimi nilipewa baiskeli ya kukodi. Nilivaa suruali yangu ya kazi na kofia ya plastiki. Thérèse aliniona kwenye picha nimeipanda baiskeli hiyo, akaandika: "Ee Mungu, muzee wangu juu ya kinga!" Hicho ndicho kicheko pekee cha wiki ile.

Nataka nikueleze barabara ile, kwa sababu ndiyo kitu cha mwisho alichokiona mwanao. Ni nyembamba, magari hayapiti, na saa nzima unaweza usisikie kitu ila minyororo ya baiskeli na maji chini. Mawe yamepanda juu mpaka unatafuta mbingu. Ndege wakubwa wanazunguka huko juu bila kupiga mabawa. Kila baada ya muda barabara inaingia ndani ya mwamba, giza linakufunika, baridi inakushika shingoni, kisha unatoka tena kwenye jua. Vijiji vimejengwa kwa mawe yale yale ya mlimani, hata mapaa ni ya mawe, na ukiwa mbali huwezi kujua mlima unaishia wapi na nyumba zinaanzia wapi. Kuna kanisa, kisima chenye maji yanayotiririka, kuta za ngome iliyobomoka. Watu ni wachache mno. Milango mingi imefungwa. Laura alisema vijana walikwenda mijini zamani, wakabaki wazee na wafu.

Ni pazuri. Nakuambia ukweli hata kama unauma. Ni pazuri, na kimya chake kinatisha.

Laura alikuwa mbele yangu. Kwenye mteremko mmoja alinisubiri akasema: "Tonton, unaendesha kama umebeba mzigo nyuma."

"Nilibeba samaki wa ndagala miaka mingi kwenye barabara ya Kalemie," nikamjibu. "Mgongo haujasahau."

Akatabasamu kidogo, halafu akaanza kulia, bila kusimamisha baiskeli. Tuliendelea hivyo hivyo.

Sasa nafika kwenye ile sababu nyingine. Najua yanayosemwa barazani kwako. Omari alinificha, lakini Mignonne, binti wa jirani yako, hakunificha: watu wanasema mwanamke wa kizungu alimsukuma. Nilikwenda pale na swali hilo mfukoni, Yaya. Sitakudanganya. Nilimtazama Laura safari nzima kwa jicho la askari.

Mahali penyewe ni pale unapotoka kwenye shimo la mwamba. Barabara inainama ghafla na kukata kushoto. Laura alikuwa amenionya, lakini nilikuwa natoka gizani, jua likanipiga machoni. Changarawe zilikuwa zimeporomoka kutoka ukutani na kutanda njiani, kama zilivyoporomoka siku ile. Nilikamata breki. Gurudumu la mbele likateleza peke yake, kana kwamba mtu analivuta, na baiskeli ikanipeleka moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa mawe. Ukingo ule unafika magotini. Goti langu liligonga jiwe, na nikaona mto chini yangu. Mimi ni mzito na naendesha polepole, ndiyo maana nilibaki. Doudou alikuwa mwepesi na mwenye kasi.

Laura hakuwa karibu yangu. Alikuwa ameshuka mbele, mbali, mgongo wake umenigeukia, kwa sababu hawezi kupatazama pale.

Kwa hiyo waambie watu wa baraza: hakuna mkono wa mtu. Mjomba amepita pale na mwili wake mwenyewe. Anayetaka kubisha aje kubishana nami.

Nilikaa chini pale ukingoni. Nikaita majina ya wazee wetu, nikamwaga maji ya chupa kwa sababu sikuwa na kingine. Kisha tukaenda.

Kijiji alichokuwa anakiendea hakiko mbali na hapo. Kinaitwa Salvernes. Tulikaa kwenye ukuta karibu na kisima. Nilijua kwamba nikinyamaza tena, kesho yake asubuhi mtoto wetu atakuwa majivu. Nikafanya jambo ambalo hakuna mjomba katika ukoo wetu aliyewahi kulifanya. Nilisimama mbele ya mke wa marehemu, nikavua kofia, nikamwomba mwili. Yeye ndiye aliyetakiwa aniombe.

Nikamuuliza kwanza: "Laura, mume wako alisema kwa kinywa chake kwamba achomwe?"

Akafikiri. "Hapana. Mwaka jana tulikuwa hapa hapa. Akanywa maji ya kisima hiki, akasema: nikifa niacheni hapa. Alikuwa anacheka."

"Mtu wa kwetu akisema niacheni hapa, anasema udongo. Hajui kitu kingine cha kusema. Kwetu anayechomwa ni mchawi, au mtu aliyekufa vitani bila wa kumzika. Mama yake akisikia moto, atakufa naye."

Alitazama mikono yake muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo nimekuwa nikilisikia kila usiku tangu siku ile: "Ukimpeleka Kalemie, mimi nitamtembelea vipi? Peke yangu, kwa njia gani, kwa vita ile?"

Nikajibu: "Na ukimwacha huku, mama yake atamtembelea vipi? Viza walimnyima hata kwa harusi."

Yaya, kaburi ni moja na wanawake ni wawili. Hakuna mahali duniani ambapo ninyi nyote wawili mngefika kwa miguu yenu.

Akasema: "Sitamchoma. Nakuahidi. Lakini usiniombe nimtie kwenye ndege. Hilo siwezi, Tonton. Hilo nitakataa, na sheria iko upande wangu."

Haukuwa mjadala tena. Yalikuwa ni mapatano, na bei yake ilikuwa wewe. Ningeweza kukataa, nikashika neno lote la ukoo, nikalipoteza lote asubuhi ya Alhamisi. Nikachukua nusu. Nikasema: "Azikwe hapa."

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Hakuna sanduku linalokuja. Usiendelee kulingoja.

Meya wa Salvernes ni mwanamke mzee anayefuga mbuzi, alitupokea na buti za matope. Alituambia kwamba kwa sheria yao mtu aliyefia ndani ya mipaka ya kijiji ana haki ya kuzikwa hapo, awe wa kutoka wapi. Akauliza tu urefu wa sanduku. Jan alipigiwa simu, akafuta mpango wa Alhamisi bila kubishana.

Tulimzika Jumamosi tarehe 22, saa nne asubuhi. Makaburi yako nyuma ya kanisa, kwenye ngazi ya mlima, na kutoka pale unasikia mto. Padri alitoka kijiji kingine. Walikuwepo Thérèse, Jan, Danielle, wafanyakazi wenzake Doudou, na wazee wa kijiji ambao hawakumjua na bado walivaa nguo nyeusi. Wachimba kaburi walitaka kuteremsha sanduku na kuondoka, waachie mtambo ufukie. Thérèse akakataa. Alichukua koleo mikononi mwa mmoja wao, akasema: "Kwetu tunafukia wenyewe." Tukafukia. Laura pia, mpaka viganja vikachubuka. Kichwa chake tumekielekeza kama tunavyofanya nyumbani. Udongo wa kwanza nilitupa kwa jina lako, nikaliita kwa sauti, Riziki binti wa Agnesi, na wazee wa kijiji wakageuka kuangalia kama umefika.

Baada ya hapo Jan alinishika mkono, akasema: "Ulifanya vizuri kusema, Donat. Sasa wote tumeridhika."

Nilimtazama tu. Nadhani safari hii alielewa, kwa sababu aliuachia mkono wangu polepole na kwenda kusimama kwa mke wake.

Yaya, sasa naongea kama mjomba wa marehemu, na neno hili unaweza kuwasomea watu wote. Kilio kimekwisha. Mtoto yuko ndani ya ardhi, amezikwa na watu wa damu yake, amefunikwa kwa mikono. Wanaolala nje warudi makwao. Omari anyolewe. Wewe uoge, ule, na ulale kitandani. Mtu asitaje jina la Laura kwa ubaya. Doudou hakuacha mtoto, na najua hilo linakuuma kuliko yote, na Laura pia linamuuma.

Na sasa naongea kama mdogo wako, hili ni lako peke yako. Najua watakaosema kwamba Donat amemgawa mtoto wa dada yake kwa wazungu. Wana haki ya kulisema. Kwa desturi yetu mjomba aliyemtoa mtoto wa ukoo bila kuuliza ukoo anaweza kuvuliwa neno lake, na kiti chake kikapewa mwingine. Mkikaa na kuamua hivyo, sitakuja kujitetea, na sitamtuma mtu anitetee. Kikao kikiitwa, wa kwanza kuulizwa ni wewe, mama wa mtoto. Usinihurumie kwa sababu tulinyonya ziwa moja. Sema unachokiona. Ila nakuomba kitu kimoja: lala kwanza kitandani siku chache, ndipo ukae kikao. Mtu aliyelala chini mwezi mzima hahukumu vizuri.

Nisalimie Omari, mwambie sasa yeye ndiye mkubwa. Nisalimie Mignonne na mama yake, na Padri Ngoy, umwombe misa moja kwa jina la marehemu. Thérèse anakukumbatia; amempa Kadiri kitenge chako cheusi na dawa za presha, uzihesabu mbele yake.

Mungu aliyewapa wanawake wawili maiti mmoja awape wote wawili usingizi. Akulinde, akurudishie nguvu za miguu.

Ni mimi mdogo wako, nitakayekupenda hata siku mtakayonivua jina la mjomba,

Donat